Pauni ya Kwanza Irudi Haraka: Kuanzisha Kampuni ya Usafirishaji Kwenye OpenTTD

Ukianza gemu jipya la OpenTTD unapewa ramani pana, miji kadhaa, migodi iliyotawanyika, na pauni 100,000 ambazo si zako. Ni mkopo. Wachezaji wengi wapya huzimaliza pesa hizo ndani ya miezi michache kwa kujenga reli ndefu, nzuri, yenye njia mbili toka mwanzo hadi mwisho, kisha hubaki kuitazama treni moja ikienda na kurudi huku salio likikaribia sifuri. Reli yenyewe haina kosa, wala treni. Kilichosahaulika ni kujiuliza pesa iliyozikwa ardhini itarudi lini ili ijenge kitu cha pili.

Mwanzoni hutafuti njia yenye faida kubwa kuliko zote kwenye ramani. Unatafuta njia inayorudisha mtaji wake mapema, na inayoweza kupanuliwa baadaye bila kubomolewa. Maamuzi yote ya miaka miwili ya kwanza yanatoka hapo, kuanzia urefu wa jukwaa hadi idadi ya mabehewa.

Nazungumzia zaidi OpenTTD kwa sababu ni ya bure, inapatikana kwa kila mtu, na hesabu zake ziko wazi. Ilitoka mwaka 2004 kama ujenzi mpya wa Transport Tycoon Deluxe ya 1995, ambayo nayo ilikuza Transport Tycoon ya Chris Sawyer iliyochapishwa na MicroProse mwaka 1994. Takwimu zote hapa chini ni za mazingira ya kawaida: hali ya hewa ya wastani, mwaka 1950, mfumuko wa bei umezimwa, hakuna magari ya ziada yaliyopakuliwa.

Kabla ya mambo mengine

Fungua mipangilio na utafute sehemu inayosema ni vitendo gani vinaruhusiwa gemu likiwa limesimamishwa. Ruhusu vyote, ujenzi ukiwemo. Bila hivyo utajenga huku kalenda ikikimbia, na mwaka mzima wa gemu unapita kwa takriban dakika 12 tu za saa ya kawaida. Miezi minne ya kujenga bila mapato ni miezi minne ya kulipa riba bure. Simamisha gemu, tazama ramani kwa utulivu, jenga, nunua treni, ndipo uachie muda uende.

Kuhusu mkopo wenyewe, wengi huuogopa bila sababu. Kikomo cha kawaida ni pauni 300,000 na riba ya kuanzia ni asilimia 2 kwa mwaka. Ukichukua wote, unalipa pauni 6,000 kwa mwaka. Njia moja nzuri ya makaa ya mawe huingiza zaidi ya pauni 50,000 kwa mwaka, kama tutakavyoona. Kwa hiyo chukua mkopo unaouhitaji, hata wote, alimradi kila pauni ina kazi siku hiyohiyo. Mkopo unaolala kwenye akaunti ndio unaokula riba bila kuzaa. Na usiharakishe kuurudisha. Mwaka wa kwanza na wa pili, pauni 10,000 iliyonunua treni ya tatu inafanya kazi kubwa kuliko pauni 10,000 iliyorudi benki kuokoa riba ya pauni 200. Acha tu akiba ya kutosha gharama za miezi kadhaa, maana kampuni ikikaa muda mrefu chini ya sifuri inafilisika na gemu limekwisha.

Malipo yanavyohesabiwa

Malipo ya mzigo yanategemea vitu vinne: aina ya mzigo, kiasi, umbali kati ya stesheni ya kupakia na ya kushushia, na muda mzigo uliokaa njiani. Makaa ya mawe yakifika kwa wakati hulipa takriban pauni 0.72 kwa kila tani kwa kila kigae (mraba mmoja wa ramani) cha umbali. Madini ya chuma hulipa kama 0.62, magogo 0.61, barua 0.55 kwa gunia, mafuta ghafi 0.54 kwa kila lita 1,000, na abiria 0.39 kwa kichwa. Bidhaa za kiwandani zinayazidi makaa kidogo, 0.75, lakini haziwi mzigo wa kuanzia kwa sababu lazima kwanza ulishe kiwanda.

Umbali hauhesabiwi kwa urefu wa reli uliyojenga. Gemu linachukua vigae vya mlalo kati ya stesheni mbili na kujumlisha vigae vya wima. Kuzungusha reli mlimani hakuongezi hata senti. Lakini kuna faida iliyojificha hapo: njia inayokwenda mshazari kwenye ramani inalipwa kwa jumla ya pande zote mbili, na treni inakata pembe na kufika mapema kuliko njia iliyonyooka yenye umbali uleule wa malipo. Ukiwa na vituo viwili vya umeme vya kuchagua, kimoja moja kwa moja na kingine mshazari, chagua cha mshazari.

Muda nao hauumizi mizigo yote sawa. Makaa hayakatwi chochote kwa siku 17.5 za kwanza. Baada ya hapo yanapoteza sehemu moja kati ya 255 kwa kila siku 2.5, kiasi kidogo sana. Abiria huanza kukatwa mara wanapoondoka, na wakipita siku 60 makato yanakuwa maradufu. Ndiyo maana makaa yanavumilia treni ya kizamani yenye mwendo wa polepole, na abiria hawavumilii.

Tuweke namba. Chukua mgodi unaotoa tani 120 kwa mwezi na kituo cha umeme kilicho umbali wa vigae 80. Treni inayokwenda kilomita 100 kwa saa hupita takriban vigae 3.6 kwa siku, kwa hiyo injini ya Chaney Jubilee yenye kilomita 112 kwa saa inapita kama vigae 4. Safari ni siku 20. Mabehewa 7 ya tani 20 yanabeba tani 140, na malipo ya safari moja yanakuja karibu pauni 8,000. Stesheni ikipewa asilimia 70 ya makaa ya mgodi, unapata tani 84 kwa mwezi, yaani kama tani 1,000 kwa mwaka, yaani safari saba na kitu. Jumla: karibu pauni 57,000 kwa mwaka kutoka mgodi mmoja wa kawaida kabisa.

Angalia kinachoweka mpaka katika hesabu hiyo. Ni mgodi, treni haihusiki. Ukiongeza treni ya nne na ya tano hapo, hazibebi tani mpya, zinasimama kwenye foleni zikila gharama za uendeshaji. Kitu pekee kinachoongeza pato la tani zilezile ni umbali. Vigae 160 badala ya 80 vingelipa karibu maradufu. Basi kwa nini usianze na vigae 160? Kwa sababu reli nayo inakuwa maradufu, madaraja yanaongezeka, treni zinahitajika nyingi zaidi ili stesheni isikae tupu, na malipo ya kwanza yanachelewa. Kwa mtaji wa mwanzo, umbali wa vigae 60 hadi 100 ndio naona una uwiano mzuri. Chini ya 40, treni inatumia muda mwingi ikipakia na kushusha kuliko kusafiri, na tani za mgodi zinauzwa kwa bei ya kutupa.

Kuchagua mgodi

Fungua orodha ya viwanda na uipange kwa uzalishaji. Mgodi wa kwanza kwenye orodha si lazima uwe wako. Unataka mgodi wa tani 100 au zaidi kwa mwezi, kituo cha umeme ndani ya umbali uliotajwa, na ardhi kati yao isiyo na mto mpana wala mlima mkali. Daraja refu au handaki moja linaweza kumeza pesa ya treni nzima. Bora zaidi ni pale kuna migodi miwili au mitatu inayoelekea kituo kimoja cha umeme, hata kama hakuna mmoja ulio mkubwa kupita wote kwenye ramani. Reli ya kwanza inakuwa shina, na mgodi wa pili unaunganishwa kwa kipande kifupi tu. Kati ya mgodi wa tani 200 ulio peke yake na migodi miwili ya tani 110 iliyo jirani, nachukua jirani bila kusita, kwa sababu mgodi unaweza kushuka uzalishaji au hata kufungwa, na shina lenye migodi miwili haliangushwi na mmoja.

Mtego mmoja unafaa kutajwa: visima vya mafuta. Katika hali ya hewa ya wastani, visima vya mafuta vya nchi kavu haviongezi uzalishaji kamwe. Vinabaki vilivyo au vinashuka. Vinaonekana vitamu mwaka wa kwanza, na kiwanda cha kusafishia mafuta kinakaa pembezoni mwa ramani kwa hiyo umbali unavutia, lakini unajenga juu ya kitu kinachokauka. Makaa, madini ya chuma na magogo vinaweza kukua ukivihudumia vizuri.

Reli moja, treni mbili, majukwaa mawili

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa au kupotea.

Jenga njia moja tu kati ya mgodi na kituo cha umeme. Njia mbili ni anasa ya mwaka wa pili. Kila upande weka stesheni yenye majukwaa mawili ya urefu wa vigae 4. Kigae kimoja kinabeba vipande viwili vya treni, kwa hiyo vigae 4 vinatosha injini na mabehewa 7. Hakikisha nyuma ya majukwaa kuna vigae 2 au 3 vya ardhi tupu ili uweze kuyarefusha baadaye. Watu husukuma stesheni hadi ukutani mwa mgodi bila haja: eneo linalohudumiwa na stesheni ya treni linafika vigae 4 kila upande, na kigae kimoja tu cha mgodi kikiingia ndani ya eneo hilo, unapata mzigo wa mgodi mzima.

Sasa ishara. Weka ishara moja ya njia (path signal), ile ya kawaida isiyokataza kupita kinyume, kwenye mdomo wa kila jukwaa, ikimtazama dereva anayetoka. Treni inayotoka inasubiri jukwaani hadi reli yote mbele iwe wazi na jukwaa la upande wa pili liwe na nafasi. Treni inayoingia inapita ishara hiyo kwa nyuma bila shida. Usiweke ishara yoyote katikati ya reli moja. Ukiweka, treni mbili zitasogea zikutane uso kwa uso, na hakuna itakayorudi nyuma kwa hiari.

Ukiwa na jukwaa moja tu upande wa mgodi, hiki ndicho kinachotokea. Treni A imesimama ikipakia. Treni B imeshusha makaa na inarudi tupu. Ikiruhusiwa kuondoka, inafika mlangoni mwa stesheni na kusimama juu ya reli ileile ambayo A inahitaji kutokea. A inajaa, haina pa kupita. B inasubiri A itoke. Zimefungana, na zitabaki hivyo hadi uingilie kwa mkono. Majukwaa mawili kila upande na treni mbili: hilo haliwezi kutokea. Treni ya tatu kwenye mpangilio huohuo haina faida, kwa sababu mbili zikiwa zinapakia, ya tatu inabaki upande wa pili ikisubiri jukwaa liwe wazi. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: kwenye reli moja, treni zisizidi idadi ya majukwaa ya upande wa kupakia.

Wakati wa kuchora reli, epuka kona za digrii 90 na epuka kona mbili kali zinazofuatana upande mmoja. Treni inapunguza mwendo kwenye kila kona fupi, na Jubilee inayotambaa kwenye kona haina tofauti na injini ya bei nafuu. Kilima cha ngazi moja si tatizo kubwa, ila ngazi mbili mfululizo zikiwa mbele ya treni iliyojaa zitaifanya ihangaike. Ikibidi kupanda, panda kwa ngazi moja, weka vigae kadhaa tambarare, ndipo upande tena. Usisawazishe ardhi kwa tingatinga ovyo. Kusawazisha ni ghali, na kukata miti karibu na mji kunachukiza halmashauri yake hadi inaweza kukukatalia kibali cha stesheni. Ikifika huko, panda miti kwenye vigae vitupu karibu na mji na uhusiano utarudi polepole.

Swali la injini linazua ubishi mwingi. Kirby Paul Tank ni ya bei ya chini, kilomita 64 kwa saa na nguvu farasi 300. Jubilee ina nguvu farasi 1,000. Kwa mzigo wa tani 140 za makaa, ukiacha uzito wa mabehewa yenyewe, Kirby Paul itasota kwenye kilima chochote. Kwenye tambarare kabisa na mgodi dhaifu inatosha, kwa sababu ucheleweshaji wa makaa hauadhibiwi sana: siku 35 badala ya 20 zinapunguza malipo kwa takriban asilimia 2.4 tu. Lakini njia ya kwanza ndiyo itakayobeba kampuni, na mimi huiwekea injini yenye nguvu. Kubana hapo ni kubana pasipofaa.

Agizo la kujaza kabisa

Treni ya kwanza ipewe maagizo mawili: nenda mgodini ujaze kabisa, kisha nenda kituo cha umeme ushushe. Ya pili iige ya kwanza huku umeshikilia Ctrl ili zishiriki maagizo yaleyale; ukibadilisha moja, zote zinabadilika. Utashukuru miaka kumi baadaye utakapokuwa na treni 40.

Kwa nini kujaza kabisa ni lazima? Sababu moja ni wazi: treni nusu tupu inalipwa nusu. Sababu ya pili ndiyo kubwa, na wengi hawaijui. Kila stesheni ina alama kwa kila mzigo, na alama hizo ndizo zinazoamua ni asilimia ngapi ya uzalishaji wa mgodi inakuja kwako. Kitu kizito kuliko vyote katika alama hizo ni muda uliopita tangu gari la mwisho lipakie. Usipozidi siku 7.5 unapata asilimia 51 kwa kipengele hicho peke yake. Ukifika siku 15 ni 37, siku 30 ni 20, na baada ya hapo kinabaki kidogo sana. Treni iliyosimama ikipakia inahesabika kana kwamba muda huo ni sifuri daima. Ongeza asilimia 16 kama mzigo uliorundikana hauzidi vipimo 60, ongeza hadi 13 kama treni ni mpya, na unafikia takriban 80 bila kujitahidi. Mwendo nao una nafasi yake, ila unaanza kuhesabiwa juu ya kilomita 85 kwa saa, kwa hiyo mwaka 1950 hauna uzito.

Hiyo ndiyo sababu ya kununua treni mbili tangu siku ya kwanza badala ya moja kubwa. Moja ikiwa njiani kwa siku 40 kwenda na kurudi, nyingine iko jukwaani ikilinda alama. Alama hazianguki ghafla, zinasogea chini ya asilimia 1 kila siku 2.5, lakini zikishuka zinachukua muda uleule kupanda. Na uhai wa mgodi unategemea hapo pia: mgodi ambao zaidi ya asilimia 60 ya mazao yake yanabebwa una uwezekano mkubwa wa kupanda kuliko kushuka. Mchezaji aliyeweka treni moja na kulalamika kwamba mgodi umeshuka toka tani 120 hadi 80 mara nyingi amejishusha mwenyewe.

Jambo dogo la kukumbuka: stesheni mpya haianzi kupokea makaa hadi gari la kwanza lijaribu kupakia. Usijenge stesheni ukingoje mzigo urundikane ndipo ununue treni. Utangoja milele.

Malori, ndege na meli

Malori yana watetezi wake, na wana hoja. Lori la makaa la Balogh linabeba tani 20 kwa kilomita 48 kwa saa. Barabara ni ya bei ndogo kuliko reli, mara nyingi nusu yake tayari imejengwa na miji, na unaweza kuanza na malori machache kisha ukaongeza moja moja kadiri pesa inavyoingia. Kwenye vigae 50, safari moja ya lori lililojaa hulipa karibu pauni 700, na kwa mwaka linafanya safari tano hivi. Kwa mtu mwenye pauni 100,000 asiyetaka kukopa zaidi, huo ni mwanzo salama kabisa. Udhaifu wake ni msongamano. Malori 30 kwenye kituo chenye nafasi mbili yanafanya foleni inayorudi hadi barabara kuu, na likiharibika moja mbele, yote yanasimama nyuma yake. Tumia vituo vya kupita moja kwa moja badala ya vile vya kuingia na kurudi kinyumenyume, na vijenge viwili vitatu mfululizo.

Mabasi ndani ya mji mmoja ni kosa la kawaida. Basi la MPS Regal linabeba abiria 31. Likijaa na kwenda vigae 10, linalipwa kama pauni 119. Kwenda vigae 40 hadi mji wa jirani, pauni 465, ingawa abiria wamekaa njiani siku 20. Unganisha miji miwili, usizungushe mji mmoja. Na hapa usitumie agizo la kujaza kabisa kwa kila basi. Abiria wanakuja kidogo kidogo, na basi linalosubiri linaziba nafasi ya mengine.

Ndege ni hadithi nyingine. Hazihitaji reli wala daraja, ni viwanja viwili tu, na umbali ni bure. Kwenye ramani yenye miji mikubwa miwili pembe kwa pembe, au penye milima mingi, ndege zinaweza kuipita treni kwa kasi ya kurudisha mtaji. Tatizo la 1950 ni kwamba Sampson U52 inabeba abiria 25 tu, na katika mipangilio ya kawaida ndege huruka kwa robo ya mwendo wake ulioandikwa. Halmashauri kwa kawaida hairuhusu zaidi ya viwanja viwili kwa mji, kwa hiyo chagua eneo lako vizuri mapema, karibu na katikati ya mji kadiri inavyowezekana, kabla nyumba hazijaziba nafasi. Kiwanja kidogo kinachukua vigae 4 kwa 3. Ukiweza, acha nafasi ya kikubwa zaidi.

Meli sizipendekezi kwa kuanzia isipokuwa kuna mtambo wa mafuta wa baharini. Mtambo huo una gati lake tayari, meli ya mafuta ya MPS inabeba lita 220,000, na njia ya majini haijengwi. Ni polepole mno, malipo ya kwanza yanachelewa, ila haihitaji usimamizi wowote baadaye.

Ruzuku zinazotangazwa kwenye habari huzidisha malipo ya njia fulani kuanzia mara 1.5 hadi mara 4 kulingana na mipangilio, kwa muda maalumu. Chukua ruzuku inayopita pale ulipokuwa unataka kwenda hata hivyo. Kuifuata ruzuku ng'ambo ya ramani kunakuachia, muda wake ukiisha, njia isiyoungana na chochote.

Mambo yanayoharibu mwaka wa kwanza

Uharibifu wa magari ukiwa umewashwa, karakana ni sehemu ya njia, si pambo. Treni inatafuta matengenezo kila siku 150, lakini ikiwa karakana haiko karibu na njia yake haitaifikia, na uthabiti wake unaporomoka. Kwenye reli moja, treni iliyosimama kwa hitilafu inaziba kila kitu. Weka karakana karibu na stesheni ya kushushia na uongeze agizo la tatu kwenye orodha: baada ya kushusha, pita karakana ikihitajika. Hapo treni ni tupu, hakuna mzigo unaochelewa.

Kosa lingine ni kuhukumu njia mapema mno. Mwaka wa kwanza wa treni una safari chache na faida inayoonekana ndogo, hasa kama ulianza katikati ya mwaka. Subiri mwaka kamili upite Januari hadi Desemba, ndipo usome faida yake. Ikiwa treni yenye mwaka mzima bado ina hasara, tazama inasimama wapi: ikingoja kujaza, treni ni nyingi kuliko mgodi, ikingoja ishara, reli haitoshi, ikitambaa, ni kilima au kona.

Kupanua

Malipo ya kwanza yakianza kuingia, kishawishi ni kurukia upande mwingine wa ramani. Jizuie. Hatua inayorudisha pesa haraka zaidi ni kuunganisha mgodi wa pili kwenye shina lililopo. Lakini treni zitakuwa nne, na reli moja haiwezi tena, kwa hiyo kwanza geuza shina kuwa njia mbili.

Fanya hivyo bila kusimamisha mapato. Jenga reli ya pili sambamba na ya kwanza, kigae kwa kigae, bila kuigusa kwenye stesheni zote mbili. Weka juu yake ishara za njia za upande mmoja, zikielekea mgodini, kwa nafasi ya urefu wa treni moja, yaani kila vigae 4. Ikimalizika, iunganishe upande wa mgodi kwanza, kisha upande wa kituo cha umeme. Subiri treni zote ziwe majukwaani au uzisimamishe kwa mkono, ndipo uweke ishara za upande mmoja zinazoelekea kituo cha umeme kwenye reli ya zamani. Usiweke ishara ndani ya makutano, wala mara tu baada ya makutano kwa nafasi iliyo fupi kuliko treni. Mkia wa treni utabaki juu ya makutano na kuziba njia ya mwingine. Stesheni ya kituo cha umeme iongezewe majukwaa mawili, kwa sababu sasa migodi miwili inashusha hapo. Upande wa kila mgodi, majukwaa mawili bado yanatosha.

Tawi la mgodi wa pili liingie kwenye shina kwa kuungana na mkondo wa kwenda kituo cha umeme, na kutoka kwa kuachana na mkondo wa kurudi, moja likipita chini au juu ya lingine kwa daraja fupi. Kukatisha mkondo mmoja kwa usawa ni rahisi zaidi na kwa treni nne haina madhara. Kwa treni kumi na mbili, kila treni inayokatisha inasimamisha mbili. Kama pesa ya daraja haipo bado, katisha kwa usawa, ila acha vigae vinne au vitano pembeni ili daraja liingie baadaye bila kuhamisha reli.

Baada ya hapo una pato la migodi miwili, labda pauni 110,000 kwa mwaka, na ndipo kuunganisha miji miwili mikubwa kwa treni ya abiria na barua, au kununua ndege za kwanza, kunakuwa jambo la busara, kwa pesa yako mwenyewe.

Kanuni hizi zinahama kwa kiasi kwenda magemu mengine ya aina hii. Kwenye Transport Fever 2 unaweza kuanza mwaka 1850 na magari ya farasi, na hapo tatizo kubwa ni safari ya kurudi tupu, kwa hiyo unatafuta viwanda vitatu vilivyokaa kiasi kwamba treni ileile inabeba malighafi kwenda na bidhaa wakati wa kurudi. Kwenye OpenTTD behewa la makaa halibebi kitu kingine, safari ya kurudi ni tupu daima, na bei ya makaa inatosha kuifidia. Kabla ya kununua gari la kwanza kwenye gemu lolote la namna hii, jaribu kujua mambo matatu: umbali unahesabiwaje, ucheleweshaji unaadhibiwa kiasi gani, na ni nini kinachokupa mgawo wako wa mzigo. Mara nyingi majibu yako kwenye dirisha la stesheni na grafu ya malipo ya mizigo, na kuyasoma kunachukua dakika chache gemu likiwa limesimama.